Kabla ya kununua rangi, vitafutie vitu mahali pa kulala

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi nyumba ya kupanga Kahawa West, Nairobi, sebule na chumba kimoja cha kulala. Chumba hicho ni futi 10 kwa 11, na dirisha lake moja linatazama magharibi. Ndani mna kitanda cha 5 kwa 6, kabati la milango mitatu lenye masanduku matatu ya safari juu yake, meza ya kujipodoa, kiti cha plastiki ambacho mwaka mzima hakijakaliwa na mtu kwa sababu ya nguo, godoro la wageni lililosimamishwa nyuma ya mlango, mitungi miwili ya maji, na sanduku la bati ambalo mume wangu alikwenda nalo shule ya bweni. Nimekuwa nikitazama picha za vyumba vyenye vitu vichache, vyeupe, vimetulia, na ninavitamani sana. Mume wangu anasema vinafanana na wodi, na kwamba mama yake akija atadhani tumeuza vitu. Nimeweka akiba ya shilingi 20,000. Nianzie wapi? Na lile blanketi la manyoya lenye picha ya chui, zawadi ya mama mkwe tulipooana, nilifanyeje?

JIBU: Dada, asante kwa kuniandikia na vipimo mkononi. Kwa futi ulizonipa ninakiona chumba chako kana kwamba nimesimama mlangoni, nikijipenyeza kati ya mitungi na lile godoro.

Hizo 20,000 zifungie kwa wiki tatu. Usinunue rangi, usinunue shuka, usimpigie fundi simu. Nakuambia hivi kwa sababu niliwahi kuanzia mwisho. Miaka ya kwanza ya kazi hii nilimpambia mama mmoja chumba huko South B: kuta nyeupe, pazia jeupe, kitanda, meza ndogo, basi. Tuliondoa kabati kuukuu na kiti alichokuwa akirundikia nguo. Siku ya kumkabidhi chumba kilipendeza mno. Niliporudi baada ya miezi mitatu nilikuta nguo zimejaa upande wa kitanda usiolaliwa, mikoba inaning'inia kwenye grili za dirisha, na mama wa watu anaomba radhi kwamba yeye ni mchafu. Hakuwa mchafu hata kidogo. Mimi ndiye niliyemnyang'anya kiti bila kujiuliza kiti kile kilikuwa kinamfanyia kazi gani. Tangu siku hiyo kila chumba ninachoingia nauliza kwanza: vitu vya humu vinalala wapi?

Vyumba vya kwenye picha havikutulizwa na rangi nyeupe. Vimetulia kwa sababu kila kitu kimefichwa mahali pake, au kwa sababu mpiga picha alisogeza vingine chumba cha pili. Wewe chumba cha pili huna.

Kwa hiyo tuanze na kiti chako. Hebu zichambue nguo zilizo juu yake. Nina hakika nyingi si chafu, ila pia si safi za kurudi kabatini. Kuna sweta uliyoivaa asubuhi ukaivua saa nne jua lilipochomoza, jinzi ya kuvaliwa mara mbili tatu kabla ya kufuliwa, leso ya kujifunga nyumbani, koti la mumeo. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti mtu hutoka nyumbani alfajiri na nguo tatu mwilini, mchana moja iko mkononi. Mimi huziita nguo za katikati. Kabati halizitaki, kapu la nguo chafu halizitaki, basi zinajitafutia kiti. Ukikiondoa kiti zitahamia kitandani, kama zilivyofanya South B.

Zipe ndoano. Ubao mmoja wa futi 3 wenye ndoano sita imara, tatu zako, tatu za mumeo, kwenye ukuta ulio nyuma ya mlango ili mlango ukiwa wazi usionekane kabisa. Ndoano ni za nguo za katikati peke yake. Zikijaa, kabla ya kuangika ya saba, moja iende kufuliwa au irudi kabatini. Kama mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, tafuta ndoano za chuma zinazovikwa juu ya mlango. Zikishafungwa, kaa nazo wiki moja kabla hujagusa kitu kingine. Kiti kitajitoa chenyewe.

Baada ya hapo fungua kabati na masanduku yote, umwage kila kitu kitandani siku ya Jumamosi asubuhi, siku ambayo hamna harusi wala mazishi. Watu wengi hushauriwa watenganishe wanavyovipenda na wasivyovipenda. Mimi nakushauri utenganishe kwa kuuliza: hiki ni cha nani? Katika nyumba nyingi za Nairobi ninazofanyia kazi, sehemu kubwa ya vilivyomo kabatini si mali ya mwenye kabati. Utakuta vitenge vya mama ambavyo havijashonwa, viatu vya mdogo wako aliyekuja kufanya mtihani akaondoka, vyombo vya chama, sare za kwaya, mfuko wa binamu aliyehamia Mombasa. Vya watu viweke rundo lake na uwapigie simu jioni hiyo hiyo, uwape mwezi mmoja wa kuvichukua.

Vyako vichambue kwa misimu. Usiamue juu ya sweta mwezi wa Januari. Jiulize kama uliivaa kwenye mvua za masika zilizopita, Machi hadi Mei, au kwenye baridi ya Julai. Kama misimu yote miwili ilipita haikuguswa, wape watu wengine: kanisani, au mama anayeuza mitumba mtaani kwenu. Nakusihi jambo moja tu: usivipakie kwenye basi kuvipeleka mashambani kwa wazazi. Nyumba ya mama si stoo yetu, na yeye pia ana haki ya chumba kinachopumua.

Sasa sakafu. Chumba chako kina futi 110 za mraba. Kitanda pamoja na mbao zake huchukua kama futi 5 na nusu kwa 6 na nusu, yaani theluthi ya sakafu. Weka kichwa cha kitanda katikati ya ukuta wa futi 10, mbali na dirisha kama inawezekana, na utabaki na futi 2 na robo kila upande. Mtu anashuka upande wake bila kumpanda mwenzake. Upande wa miguuni zinabaki futi 4 na nusu. Kabati likiegemea ukuta huo wa mbele linakula 2, na futi 2 na nusu zinatosha kusimama na kufungua milango yake. Chora yote haya kwa chaki sakafuni kabla hujasukuma chochote, uone na mlango wa chumba unafungukia wapi. Kitanda kinaweza kusogea inchi chache bila hasara.

Utaona chaki imekataa meza ya kujipodoa. Iuze. Kioo chake kikaze ndani ya mlango wa kabati, vipodozi viingie kwenye kikapu kimoja cha katani chenye kifuniko. Soko la Kariokor utavipata vya kila ukubwa, na kina mama wa Ukambani wanaovisuka hujua kukusukia cha kipimo ukiagiza.

Mitungi ya maji itoke leo. Najua kwa nini iko humo: maji ya mgao yakija lazima yakingwe, na jikoni hakuna nafasi. Lakini maji chumba cha kulala huweza kuleta unyevu, na unyevu huleta kuvu nyuma ya kabati, hasa Aprili na Mei wakati kuta za nje hazikauki. Heri ibanane bafuni. Kabati lenyewe usiligandishe ukutani. Liache inchi 2 au 3 hewa ipite, na asubuhi fungua dirisha hata kama kuna baridi. Nguo mbichi zisianikwe humo.

Godoro la wageni libaki. Hapa sikubaliani na wanaofundisha mtindo huu kana kwamba hakuna mtu atakayebisha hodi usiku. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumba isiyo na mahali pa kumlaza shemeji aliyekosa gari la mwisho haijapambwa, imepungukiwa. Lishonee godoro mfuko wa shuka kuukuu na ulilaze chini ya kitanda. Godoro la 3 kwa 6 la inchi 4 linaacha bado upana wa futi 2 hivi huko chini, na hapo ndipo sanduku kubwa la safari linapolala, la kati likiwa tumboni mwake na dogo tumboni mwa la kati. Chini ya kitanda panahitaji uwazi wa inchi 12. Kama chako ni kifupi, fundi atakikatia vipande vinne vya mbao ngumu na kuvipigilia miguuni. Ni kazi ya nusu siku. Mara moja kwa mwezi litoe godoro ulipige jua na kukagua mishono yake kama kuna kunguni. Juu ya kabati pasikae kitu. Vitu vikirundikwa hadi karibu na dari hukifanya chumba kionekane kimeinama.

Sasa mumeo, na neno lake la wodi. Usilipuuze. Watu wengi tulilelewa tukijua kwamba nyumba iliyojaa ni nyumba iliyobarikiwa: kabati la vioo, makochi yenye vitambaa, blanketi tatu. Chumba kitupu kilikuwa cha mtu aliyeibiwa au aliyefukuzwa kazi. Hofu yake ina mizizi, na picha za mtandaoni haziing'oi.

Mwambie hivi. Ni kweli jina minimalizimu, yaani mtindo huu wa vitu vichache, tumelipata kwa wasanii wa New York wa miaka ya 1960, na vyumba vingi unavyovitazama vimeiga Japani na nchi za kaskazini mwa Ulaya. Lakini chumba kilichopambwa kwa vichache kipo katika nchi hii hii tangu zamani. Angalia nyumba za mawe za Lamu, mji ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko na boriti haivuki upana wa mita 3 hivi. Kuta zimepakwa chokaa. Sakafuni mikeka, kitanda cha mbao cha kamba, sanduku la nguo. Na ukutani wamechonga zidaka, safu kwa safu, vijumba vidogo vya kuwekea sahani za kaure na vitabu. Yaani ukuta wenyewe ndio kabati na ndio pambo. Aliyejenga nyumba ile hakuwa maskini; alikuwa mfanyabiashara mwenye majahazi. Kinachofanya chumba kile kisiwe wodi ni mkono wa mtu: chokaa iliyolainishwa kwa subira, mbao iliyonakshiwa, mkeka wa ukindu uliosukwa. Wodi haina mkono wa mtu.

Katika chumba chako mkono huo uko tayari, na ni lile sanduku la bati. Naliona ni la mafundi wa jua kali, wa Kamukunji au kwingine, lenye jina lake limepakwa rangi ya mafuta kwenye kifuniko. Lipige msasa pale penye kutu, lipake rangi moja ya kijani kibichi iliyofifia au nyeusi, jina uliache. Lipandishe juu ya kigoda kifupi upande anaolala yeye. Ndani vikae vyeti, hati, albamu. Juu taa na kitabu. Umemwondolea stuli ya kununua, na mama yake akiingia kitu cha kwanza atakachokiona ni sanduku alilomnunulia mwanawe kidato cha kwanza.

Wiki tatu zimekwisha, toa pesa.

Mwombe kwanza mwenye nyumba ruhusa ya kupaka rangi, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Wengi hukata pesa za rangi kwenye amana unapohama, na rangi usiyoikubaliana naye inaweza kukugharimu mara mbili. Kuta zako, kwa dari ya futi 9 na ukitoa mlango na dirisha, ni kama mita 30 za mraba. Rangi ya maji lita moja hufunika mita 10 hadi 12 za mraba kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, hivyo kwa mikono miwili unahitaji lita 5 hadi 6: mkebe wa lita 4 na miwili ya lita moja. Usichukue ile nyeupe kabisa ya kung'aa. Julai, mawingu yakitanda siku nzima, nyeupe ile hugeuka samawati ya baridi, na hapo mumeo atakuwa amesema kweli. Chukua nyeupe iliyotiwa tone la manjano au la udongo, isiyong'aa lakini inayofutika kwa kitambaa, maana vumbi letu jekundu huingia hata dirisha likifungwa. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha ukuta, uitazame asubuhi na tena saa kumi jioni.

Saa kumi nimeitaja makusudi. Dirisha la magharibi litakupa jua kali la alasiri ambalo linaanza kushuka, na linaingia ndani hadi kitandani. Kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta, jua lenu huzama magharibi mwaka mzima, likisogea kidogo kaskazini Juni na kusini Desemba, kwa hiyo usitegemee msimu ukuokoe. Pazia ndilo linalostahili pesa zako nyingi kuliko vyote. Nataka pamba nzito au kitani, rangi moja, isiyometameta, bila vishada wala mikanda ya kufungia. Bomba la pazia likae karibu na dari na lizidi dirisha inchi 8 kila upande, kitambaa kiteremke hadi sakafuni. Dirisha dogo litaonekana kubwa, na pazia likifunguliwa halizibi mwanga. Nyuma yake weka kitambaa chepesi cha kuchuja jua na kuwazuia majirani. Madukani Eastleigh kuna kila aina, lakini kwa pamba halisi ningekwenda soko la mitumba la Gikomba alfajiri marobota yanapofunguliwa, nikaulize kamera, yaani chaguo la kwanza, na kupima kwa futi yangu mwenyewe. Mapazia ya mtumba mara nyingi yana kitambaa ambacho dukani hungekimudu. Fua kwa maji ya moto kabla ya kuyaingiza chumbani.

Balbu ni jambo dogo linalobadilisha kila kitu. Soma paketi: ukiona 6500K, ni ule mwanga wa bluu wa dukani. Tafuta 2700K, wati 7 au 9 inatosha darini, na nyingine ndogo kwenye taa ya juu ya sanduku. Nimewahi kumwona mtu akibadili balbu tu na kuahirisha rangi.

Shuka, jozi mbili, rangi moja, pamba. Shuka nane za maua zilizoshindana kabatini ndizo zilizokula rafu yako. Chandarua kama mnakitumia kiwe cha mstatili, kining'inie kutoka pembe nne na kukunjwa mchana. Zulia sikushauri, mkeka mmoja wa ukindu kila upande unatosha miguu ya asubuhi. Ukutani kitu kimoja tu, na picha yenu ya harusi ndiyo hiyo, iliyo na fremu ya mbao isiyopakwa dhahabu.

Kama kitabaki chochote, kampe fundi wa mbao kazi ya rafu mbili za ziada ndani ya kabati, pale juu ambapo nguo zilizoangikwa zinaacha uwazi. Muulize kama mbao imekauka. Mbichi huwa nzito isivyo kawaida na hupinda baada ya miezi michache. Usilipe zaidi ya nusu kabla ya kuona kazi.

Umebaki na chui. Dada, blanketi hilo ni la joto na mmepewa kwa upendo, sioni sababu ya kulitoa. Nunua mfuko wa duveti wa pamba, rangi ile ile ya shuka, uliingize blanketi ndani yake na kufunga vifungo. Julai mtalala mmejifunika zawadi ya mama bila kubadilisha sura ya chumba. Na siku mama atakapokuja, lifungue vifungo asubuhi mapema, ulitandike juu ya kitanda, na kichwa cha chui kielekee mlangoni.